Kutoka Chiromo hadi Shujaa: Safari ya Humphrey Kayange na Maana ya Ushujaa katika Raga ya Kenya

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba kwa mwoga huenda kicheko, na kwa shujaa huenda kilio. Methali hii hufundishwa shuleni kama onyo kwa mtu asiyejichunga, lakini ina fundisho jingine kuhusu gharama ya sifa. Jamii humshangilia shujaa anapokwenda vitani. Nyumba inayopokea msiba ni yake. Je, methali hii ina nafasi gani katika karne ambamo uwanja wa vita umekuwa uwanja wa michezo, na shujaa ni kijana aliyetoka darasani akiwa na daftari mkono mmoja na mpira mkono mwingine?

Swali hili linawahusu wanafunzi wa Kiswahili nchini Kenya kwa njia ya pekee. Timu ya taifa ya raga ya wachezaji saba kila upande huitwa Shujaa. Jina hilo halikutafsiriwa lilipopelekwa nje. Limetamkwa Dubai, Hong Kong, London na Singapore kama linavyotamkwa Nairobi. Ni maneno machache ya Kiswahili yaliyowahi kushangiliwa katika viwanja vingi kiasi hicho. Hata hivyo, wasomi wa fasihi, ambao ndio wenye dhana ya shujaa katika mitaala yao, hawajaishughulikia sana maana mpya ambayo neno hilo limepewa na wachezaji.

Makala haya yanaeleza safari ya mmoja wao, Humphrey Kayange, mwanafunzi wa kemia wa Chuo Kikuu cha Nairobi ambaye alikuja kuwa nahodha wa timu ya taifa, mchezaji wa Olimpiki na hatimaye mwanachama wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Hoja kuu ni kwamba maisha yake yanatupa sura ya shujaa ambayo mighani yetu haikuwa nayo: shujaa anayejua kwamba nguvu zake zitakwisha akiwa bado hai, na anayejiandaa kwa siku hiyo tangu mwanzo.

Dhana ya shujaa katika mighani

Neno shujaa lina asili ya Kiarabu na limekita mizizi katika Kiswahili kwa karne nyingi. Katika fasihi simulizi, shujaa au jagina ni mhusika mkuu wa mighani na tendi. Sifa zake zinajulikana kwa kila mwanafunzi aliyewahi kufanya mtihani wa fasihi. Huwa na nguvu zisizo za kawaida. Huwa na siri ya udhaifu wake. Husalitiwa na mtu wa karibu. Hufa, na baada ya kifo chake jamii hupata hasara.

Fumo Liyongo wa pwani ya kaskazini ya Kenya ndiye kielelezo cha kwanza. Utendi wake uliotungwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913 unamweleza kuwa mtu wa kimo na nguvu za kutisha, ambaye silaha za kawaida hazikumdhuru. Siri yake ilikuwa sindano ya shaba na kitovu chake, na aliyeitumia siri hiyo alikuwa mwanawe mwenyewe. Vivyo hivyo Lwanda Magere wa Waluo, ambaye mwili wake haukuingia mkuki, alikufa baada ya siri ya kivuli chake kutolewa na mke aliyetoka kwa maadui. Majagina hawa wawili wa jamii mbalimbali wana jambo moja linalowaunganisha: hakuna aliyezeeka. Mighani haikujua la kumfanyia shujaa mzee, kwa hiyo ilimuua akiwa bado na nguvu.

Isitoshe, majagina hao husimama peke yao. Jeshi la Liyongo halikumbukwi kwa majina, wala hatuwajui wenzake Lwanda Magere. Ushujaa wa mighani ni wa mtu mmoja mbele ya umati.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilipanua dhana hiyo. Tarehe 20 Oktoba, iliyokuwa ikiadhimishwa kwa jina la mtu mmoja kama Siku ya Kenyatta, ikawa Siku ya Mashujaa. Wingi huo wa kisarufi una uzito wa kisiasa na wa kifasihi pia: taifa lilikubali kwamba ushujaa unaweza kugawanywa kati ya watu wengi. Timu ya raga inayoitwa Shujaa inasimama kati ya maana hizi mbili. Jina lake liko katika umoja, lakini wanaolibeba ni saba uwanjani na wengine pembeni wakingojea.

Jiji, chuo na klabu

Ili kuielewa safari ya Kayange, ni muhimu kuelewa mahali ilipopitia. Alizaliwa tarehe 20 Julai 1982. Katika Chuo Kikuu cha Nairobi alisomea kemia, somo ambalo hufundishwa katika bewa la Chiromo, pale ambapo katikati ya jiji inaishia na vitongoji vya Westlands na Riverside vinaanza. Baadaye aliendelea na masomo ya uzamili ya kemia katika Chuo Kikuu cha Bristol nchini Uingereza. Somo hili halimpi mwanafunzi nafasi ya kubahatisha. Maabara ina saa zake, na vipimo havimwonei huruma mtu kwa sababu alicheza vizuri Jumamosi.

Chuo hicho kina historia yake katika raga. Timu yake, Mean Machine, iliundwa mwaka 1977 na ikatwaa Kombe la Kenya mwaka huohuo. Ushindi huo wa wanafunzi ulikuwa na maana zaidi ya kikombe. Raga ililetwa Kenya na walowezi na maafisa wa kikoloni, na kwa muda mrefu klabu zake kubwa zilikuwa mahali pa burudani ya Wazungu. Kijana Mwafrika aliyeingia humo aliingia kama mgeni. Chuo kikuu kilikuwa mojawapo ya milango michache ambayo kijana asiye na baba mwanachama wa klabu angeweza kupitia.

Mwaka huohuo wa 1977 ilianzishwa klabu ya Mwamba, ambayo ndiyo Kayange aliichezea katika ligi. Mwamba iliundwa iwe makao ya wachezaji Waafrika, na jina lake la Kiswahili lilikuwa tamko. Klabu nyingine ziliitwa Impala, Harlequin na Nondescripts. Hii ikajiita jiwe lisilosogezwa. Mashabiki wake huiita pia Kulabu, na hapo mwanafunzi wa lugha atatabasamu, kwa kuwa neno hilo linasikika kama klabu lililotoholewa likapewa irabu, na papo hapo ni chombo cha chuma kinachonasa kisiachie.

Uwanja wa Mwamba ni wa Railway Club, pembezoni mwa kitovu cha jiji. Kutoka hapo, njia ya raga huelekea magharibi kwa Barabara ya Ngong. Huko ndiko uliko uwanja wa chama cha raga cha Afrika Mashariki, ambao ni makao ya Harlequin na ndiko mashindano ya kimataifa ya Safari Sevens yalikoanzishwa mwaka 1996. Jirani ni Impala Club, na mbele kidogo ni Jamhuri, makao ya Nondescripts. Kwa hiyo, Chiromo, Railway Club na Barabara ya Ngong ni pembe tatu za jiji moja dogo ndani ya jiji kubwa. Mchezaji aliyesoma chuoni, akafanya mazoezi jioni na kucheza mwisho wa wiki, aliishi ndani ya pembetatu hiyo, mara nyingi akiivuka kwa matatu.

Mchezo wenyewe na mahali pa Kayange ndani yake

Msomaji asiyeifuata raga anahitaji maelezo machache hapa, kwa maana sifa ya mchezaji haieleweki bila kanuni za mchezo. Katika raga, mpira hubebwa mikononi na hauruhusiwi kurushwa mbele kwa mkono. Hutolewa kwa mwenzako aliye nyuma au ubavuni. Anayetaka kusonga mbele lazima akimbie au aupige kwa mguu. Anayefikisha mpira ng'ambo ya mstari wa mwisho wa wapinzani na kuugusisha chini hupata alama tano. Waandishi wa michezo wa Kiswahili huuita ufungaji huo trai au mguso. Baadaye timu yake hupewa mkwaju ambao ukipita kati ya milingoti huongeza alama mbili.

Raga ya kawaida huchezwa na watu 15 kila upande kwa dakika 80. Raga ya wachezaji saba huchezwa katika uwanja wa ukubwa uleule, lakini kila kipindi ni dakika saba tu. Watu wachache katika uwanja mpana maana yake ni nafasi nyingi za kukimbia, na kosa moja huadhibiwa papo hapo. Timu hucheza mechi kadhaa kwa siku mbili au tatu. Anayeshinda duru ni yule ambaye mapafu yake na akili yake vimestahimili hadi jioni ya mwisho.

Kuna kanuni moja inayomhusu Kayange kuliko nyingine. Katika raga ya watu 15, timu iliyofungwa ndiyo inayouanzisha mchezo upya kwa kuupiga mpira kuelekea kwa waliofunga. Katika raga ya watu saba, mambo yamegeuzwa: timu iliyofunga ndiyo inayopiga. Kwa hiyo, kila baada ya mguso, waliofunga wanaweza kuupoteza mpira au kuunyakua tena hewani na kufunga mara ya pili kabla wapinzani hawajaugusa. Katika mchezo wa dakika 14, timu inayoshinda mipira hiyo ya juu ndiyo huamua saa inamhudumia nani.

Kayange alikuwa mtu wa mipira hiyo. Kimo chake, wepesi wake wa kuruka na uwezo wake wa kupima mahali mpira utakapoangukia vilimfanya ajulikane kote katika raga ya dunia. Kazi hii haina mng'ao wa mguso. Mtazamaji humkumbuka aliyekimbia mita 60 akafunga. Husahau aliyeuruka mpira kati ya mikono minne ya wapinzani, akautuliza, akamtolea mwenziwe. Lakini bila wa kwanza, wa pili hana cha kukimbia nacho. Hapa ndipo shujaa wa raga anapoachana na Liyongo: nguvu zake zina thamani pale tu anapompa mwenzake mpira.

Ndugu watatu, majina matatu

Aliyepokea mipira mingi ya aina hiyo alikuwa mdogo wake, Collins Injera, aliyezaliwa mwaka 1986. Ndugu yao mwingine, Michael Agevi, naye alifuata njia hiyo ya raga. Mgeni angeweza kuwatazama ndugu hawa kwa miaka bila kujua kuwa wametoka tumbo moja, maana kila mmoja ana jina lake la mwisho. Kwa msomaji wa Kenya hili halina ajabu. Katika jamii nyingi za humu nchini, mtoto hupewa jina la mhenga, na jina hilo humfungamanisha na waliotangulia kabla halijamfungamanisha na ndugu zake. Jezi ya raga, inayochapa jina moja mgongoni, haikuwa na nafasi ya kueleza hayo.

Injera alikuwa mfungaji. Katika msimu wa 2008 hadi 2009 aliongoza dunia kwa miguso 42 katika msururu wa raga ya wachezaji saba. Mwezi Mei 2016 aliivunja rekodi ya Santiago Gómez Cora wa Argentina, aliyekuwa na miguso 230, akawa mfungaji bora wa wakati wote, nafasi aliyoishikilia hadi Dan Norton wa Uingereza alipompita mwaka 2017. Tukiwaweka ndugu hawa wawili pamoja, tunaona mgawanyo wa kazi ambao mighani haikuujua: mmoja hutwaa, mwingine humaliza.

Kutoka ridhaa hadi malipo

Kayange alipoingia timu ya taifa katika muongo wa kwanza wa karne hii, raga ya Kenya ilikuwa bado mchezo wa ridhaa kwa sehemu kubwa. Mchezaji alikuwa mwanafunzi, mwalimu, karani au mfanyabiashara aliyeomba ruhusa kwenda kuiwakilisha nchi. Waliopambana naye kutoka nchi tajiri walikuwa wanalipwa kufanya mazoezi asubuhi na kupumzika mchana. Wakenya wengi walifanya mazoezi baada ya kazi au masomo, kabla ya giza kuingia.

Matokeo ya hali hiyo yalionekana mwezi Machi 2009 huko Dubai, katika Kombe la Dunia la raga ya wachezaji saba. Kenya, Kayange akiwa nahodha na Benjamin Ayimba akiwa kocha, iliwalaza mabingwa watetezi Fiji kwa alama 26 kwa 7 katika robo-fainali. Fiji ni taifa ambalo raga ya watu saba ni kama soka kwa Wabrazili, kwa hiyo ushindi huo ulisomwa kote duniani kama habari isiyo ya kawaida. Katika nusu-fainali Kenya ilifungwa na Argentina 12 kwa 0. Lakini jina la nchi lilikuwa limeshaingia katika orodha nyingine.

Mwezi Oktoba 2009, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilikutana Copenhagen na kuamua kwamba raga ya wachezaji saba itaingia katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 2016. Uamuzi huo ulibadilisha uchumi wa mchezo. Mahali palipokuwa na wapenzi wachache sasa palikuwa na medali ya Olimpiki, na penye medali serikali na wadhamini hufika. Hatua kwa hatua, wachezaji wa timu ya Kenya wakaanza kupewa mikataba. Mwanaraga akawa mchezaji wa kulipwa.

Ni vyema kulitazama neno kulipwa kwa makini. Mnyambuliko wake wa kutendwa unaeleza hali halisi: mchezaji ndiye anayesubiri, na kuna mwingine anayetenda au asiyetenda. Mikataba ya raga ya Kenya imekuwa ya muda mfupi, na migogoro ya malipo imejitokeza mara kwa mara. Katika duru ya Paris ya mwaka 2018, wachezaji wa Shujaa waliingia uwanjani wakiwa wamefunika nembo ya mdhamini kwenye jezi zao ili kulalamikia fedha walizodai kuwa hawajalipwa. Picha zao zilienea. Walicheza kama kawaida, na kipande kidogo cha utepe kikasema yale ambayo barua hazikuwa zimeyafikisha.

Kwa mantiki hii, masomo ya Kayange hayapaswi kusomwa kama pambo katika wasifu wa mwanamichezo. Yalikuwa kinga. Mchezaji wa raga huanza kushuka akikaribia miaka 30, na goti likivunjika hushuka mapema zaidi. Mwenye shahada ya kemia ana mahali pa kurudi siku mkataba unapokwisha. Asiye nayo hubaki na jezi za kuning'iniza ukutani.

Kilele

Tarehe 17 Aprili 2016, huko Singapore, Kenya iliishinda Fiji 30 kwa 7 katika fainali na kutwaa taji lake la kwanza katika msururu wa dunia. Nahodha alikuwa Andrew Amonde, kocha alikuwa tena Ayimba, na Injera akatangazwa mchezaji bora wa fainali. Fiji hao hao, miezi minne baadaye, walitwaa dhahabu ya kwanza kabisa ya Olimpiki katika raga ya watu saba. Hilo linaonyesha ukubwa wa kilichofanyika Singapore.

Kayange na Injera walikwenda pamoja katika Olimpiki ya Rio de Janeiro mwezi Agosti 2016. Kaka alikuwa na miaka 34, umri ambao wengi wa kizazi chake walikuwa wameshatundika njumu. Matokeo hayakuwa mazuri. Kenya ilifungwa mechi zote za kundi lake, na Uingereza, New Zealand na Japani, ikamaliza katika nafasi ya 11 kati ya timu 12. Mtu aliyeanza safari wakati mchezo wake haukuwa na mahali katika Olimpiki alikuwa sasa amesimama katika Olimpiki, lakini mwili uliomfikisha hapo ulikuwa umeshatumika.

Mgani wa kale angemaliza hadithi hapa. Pengine angetafuta sindano ya shaba. Maisha hayakumaliza.

Kicheko na kilio cha mwaka 2021

Mwaka 2021 unapaswa kukumbukwa na kila anayetaka kuielewa raga ya Kenya, kwa kuwa uliileta methali tuliyoanza nayo mbele ya macho ya watu.

Mwezi Mei mwaka huo, Benjamin Ayimba, kocha wa Dubai 2009 na wa Singapore 2016, alifariki jijini Nairobi baada ya kuugua malaria iliyopanda kichwani. Alikuwa na umri wa miaka ya arobaini tu. Katika majuma ya ugonjwa wake, jamaa na wanaraga walikuwa wakichangishana fedha za matibabu, kama ambavyo familia nyingi za Wakenya hufanya kila siku. Mtu aliyelipatia taifa taji lake la kwanza la dunia katika mchezo huo alikuwa akitegemea mchango wa marafiki. Kilio kilikwenda kwa shujaa, sawasawa na methali.

Mwaka uleule, Kayange aliingizwa katika Ukumbi wa Mashuhuri wa Raga ya Dunia, na mwezi Julai akachaguliwa kuwa mwanachama wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, ileile iliyokuwa imeurudisha mchezo wa raga miaka 12 kabla. Mchezaji aliyekuwa akisubiri kulipwa sasa alikuwa na kiti katika meza ambapo mambo ya wachezaji huamuliwa.

Ingekuwa rahisi kuwalinganisha wawili hawa na kusema kwamba mmoja alijiandaa na mwingine hakujiandaa. Ulinganisho huo hauna haki. Ugonjwa hauulizi vyeti, na kocha hana umri wa kustaafu uliopangwa na magoti yake. Tofauti inayostahili kuangaliwa iko kwa jamii inayotoa sifa. Kwa Ayimba na kwa Kayange, sifa zilikuwa zilezile: makofi, picha gazetini, mapokezi uwanjani Jomo Kenyatta. Kilichokuwa baada ya makofi kilitegemea mambo ambayo makofi hayakuyagusa, kama bima, akiba, elimu na bahati. Jamii inayompa mtu jina la shujaa bila kumpa mpango wa maisha inamrudisha katika mighani, ambako mwisho wa shujaa ulikuwa kifo cha mapema na utendi mzuri baada yake.

Lugha ya kumsimulia

Linabaki swali la utendi wenyewe. Soka ya Afrika Mashariki ina Kiswahili chake kilichokomaa, kilichojengwa na watangazaji wa redio kwa miongo mingi. Msikilizaji anajua kumenya ngome, kupiga chenga, kutikisa nyavu. Raga haijafika hapo. Jina raga limetoholewa vizuri na linakubalika. Trai na mguso yanashindana, na mshindi bado hajajulikana. Mkwaju umeazimwa kutoka soka. Skramu imebaki kama ilivyokuja, na kazi ile hasa iliyompa Kayange sifa, ya kuupigania mpira wa kuanzisha upya hewani, haina neno moja linalojulikana na wote. Mtangazaji hulazimika kuieleza kwa sentensi nzima, na sentensi ikimalizika mpira umeshakwenda.

Hili lina athari. Kazi isiyo na jina haisimuliwi, na isiyosimuliwa husahaulika. Miguso ya Injera ina tarakimu na neno. Mipira ya juu ya kaka yake haina lolote kati ya hayo mawili katika Kiswahili. Ni ajabu kwamba timu yenye jina la Kiswahili, yenye wadogo wao wa chini ya miaka 20 wanaoitwa Chipu kutokana na chipukizi, huzungumzwa kwa kiasi kikubwa katika lugha nyingine pindi kipenga kinapolia.

Kazi ipo kwa wanafunzi wa Kiswahili. Wachezaji wa kizazi cha kwanza cha Mean Machine na Mwamba wamekuwa wazee, na simulizi zao hazijakusanywa kama zinavyokusanywa ngano na mighani. Nyimbo za mashabiki wa Safari Sevens ni fasihi simulizi ya mjini ambayo hubuniwa na kupotea jioni ileile. Mtafiti mwenye kinasa sauti anaweza kuanzia Railway Club na kuifuata Barabara ya Ngong kuelekea magharibi, na kabla ya kufika Dagoretti Corner atakuwa na data ya kutosha kwa tasnifu.

Hitimisho

Safari ya Humphrey Kayange inaonyesha kwamba dhana ya shujaa katika fasihi ya Kiswahili inahitaji kupanuliwa. Shujaa huyu hakuwa na nguvu zisizoelezeka. Alikuwa na ujuzi unaoeleweka kwa anayejua kanuni. Hakusimama peke yake. Kazi yake ilikuwa kumpa mwenzake mpira. Hakuwa na siri ya udhaifu, kwa kuwa udhaifu wake ulikuwa wazi kwa wote: miaka. Na badala ya kuuficha, aliuwekea maandalizi darasani mapema.

Timu ya Shujaa imeendelea kupanda na kushuka. Mwaka 2023 ilipoteza nafasi yake katika msururu mkuu wa dunia baada ya kufungwa na Kanada jijini London, na mwaka 2024 ikairejesha huko Madrid. Wachezaji wake wa leo ni vijana ambao baadhi yao wanasoma katika vyuo vilevile vya Nairobi, wakiivuka pembetatu ileile jioni. Wanapoitwa mashujaa wanapewa neno zito, lenye historia ndefu ya sifa na ya misiba. Wajibu wa wanaolimiliki neno hilo kitaaluma ni kuhakikisha kwamba linapotolewa, linatolewa likiwa na maana kamili: pamoja na kicheko cha kumshangilia shujaa akiwa hewani, uwepo pia mkono wa kumpokea anaposhuka.